Haki ya Mzee Kitereza

Andiko langu la kwanza la utafiti wa shahada ya uzamivu lilikuwa na kurasa kumi na nane, na ndani yake hamkuwa na mtu hata mmoja. Sheria zilikuwemo. Mikataba ya kimataifa ilikuwemo. Maneno "maarifa asilia" yalikuwemo karibu katika kila aya. Mtu ndiye hakuwemo. Mwalimu aliyekubali kulisoma alinirudishia nakala ikiwa na alama moja tu ya kalamu, pembeni mwa ukurasa wa tatu, pale nilipoandika kwa kujiamini kwamba jamii za Kanda ya Ziwa "zinaporwa miliki yao bunifu". Alikuwa ameandika: "Nani? Lini? Alipoteza nini?"

Nilikasirika, siwafichi. Nikampigia simu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Maswali yangu umeyaona?"

"Nimeyaona, ila mada yangu ni ya nadharia zaidi."

"Nadharia ya nini? Wewe unakaa Mwanza, ziwa unalitazama kila asubuhi. Niletee mtu mmoja. Ukimkosa, hiyo mada achana nayo."

Akakata simu. Basi, makala hii ni habari ya namna nilivyomtafuta mtu huyo, na namna alivyonivurugia andiko zima nilipompata. Naiandika hapa kwa wapenzi wa vitabu, si kwa wanasheria wenzangu, kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa mwandishi, na mnaweza kumjua kuliko ninavyomjua mimi.

Kwanza tuelewane kuhusu hilo neno, miliki bunifu. Maana yake ni haki juu ya vitu vitokavyo kichwani mwa mtu: kitabu, wimbo, mashine mpya, jina la biashara. Hakimiliki ni tawi lake moja, lile linalohusu kazi za uandishi na sanaa. Tawi hilo lina umri wake na kwao. Mkataba mkuu wa kimataifa wa kulinda waandishi ulitiwa saini mjini Bern, Uswisi, Septemba 1886. Novemba ya mwaka huohuo Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari wa mpaka kutoka Bahari ya Hindi hadi mwambao wa mashariki wa ziwa letu. Sidai kwamba mambo hayo mawili yalipangwa chumba kimoja. Ninachosema ni kwamba Ulaya iliyokuwa ikijifunza kumheshimu mwandishi wake ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ikigawana nchi za watu bila kuwauliza wenyewe zinaitwaje. Miaka ishirini na minane kabla ya hapo, Agosti 1858, Speke alifika upande huu wa Mwanza, akayaona maji, akayapa jina la malkia wake. Maji hayo yalikuwa na majina tayari. Wafanyabiashara Waarabu wa Tabora walikuwa wakiyaita Ukerewe, kwa jina la kisiwa kikubwa kilichomo ndani yake.

Kisiwa hicho tutakirudia.

Nilianzia Bujora, pale Kisesa, nje kidogo ya mji, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Padri David Clement kutoka Quebec, Kanada, ndiye aliyeanzisha kituo hicho, na hadi leo mtu akiingia hukutana na ngoma za watemi, nyumba za asili na habari za Bagika na Bagalu, zile pande mbili za wachezaji ambazo ushindani wao bado unajaza viwanja kila msimu wa ngoma. Nilidhani hapo nitapata ninachokitaka upesi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, ina sehemu nzima kuhusu sanaa za jadi. Inasema, kwa ufupi, kwamba mtu akitaka kuzitumia nje ya mazingira yake ya asili na kwa nia ya kupata faida, aombe kibali cha mamlaka. Kwa macho ya sheria, sanaa ya jadi haina mtunzi mmoja. Ni ya jamii.

Lakini kaa na Wasukuma dakika kumi, uwaulize wimbo huu ni wa nani. Hawatakuambia "ni wa jamii". Watakutajia mtu, watakutajia na upande aliochezea, na wengine watabisha kuwa si yeye bali mpinzani wake. Hapo nikapata shaka ya kwanza. Sheria inaposema kazi fulani haina mtunzi, mara nyingine maana yake ni kwamba aliyeiandika sheria hakuuliza.

Nikakumbuka kitabu ninacho nyumbani, *Sukuma Law and Custom* cha Hans Cory, kilichotoka 1953. Cory alikuwa mtu wa Austria aliyefanya kazi na serikali ya kikoloni, na alikusanya mila za urithi, mahari na ardhi kutoka kwa wazee wa Usukumani. Alifanya kazi kubwa, na wanasheria tunamshukuru. Lakini hakimiliki ya kitabu kile haikuwa ya wazee waliosema. Ilikuwa ya upande ulioandika. Sheria haikukosea hesabu yake: hailindi mila wala wazo, inalinda namna mtu alivyolieleza. Mzee akisema na mgeni akiandika, mgeni ndiye mwandishi. Nami nilianza kujiuliza: ingekuwaje kama mzee mwenyewe angeandika?

Swali hilo lilinijia kwenye daladala, nikirudi mjini kutoka Kisesa, na jibu lilikuwa kwenye kabati langu tangu nilipokuwa mwanafunzi. Mzee mmoja aliandika. Alikuwa mtu wa Ukerewe, na jina lake ni Aniceti Kitereza.

Wengi wenu mnalijua jina hilo, na wengine mnakijua kitabu kwa urefu wa kichwa chake: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*. Kwa wasiomjua: Kitereza alizaliwa 1896, wa ukoo wa watawala wa Ukerewe. Alisomeshwa na wamisionari, akafika hadi seminari ya Rubya upande wa Bukoba, ambako alijifunza lugha za watu wa mbali, Kilatini kikiwemo. Kisha akaishi kisiwani, Kagunguli, karibu na misheni, na huko akaandika riwaya ndefu kwa Kikerewe. Aliimaliza 1945. Yaani, wakati dunia ikihesabu maiti wa vita kuu ya pili, mtu mmoja katikati ya ziwa alikuwa akimalizia habari za mume na mke waliokosa mtoto.

Habari yenyewe haina makeke. Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini hawajapata mtoto, na ndugu wa mume wanamsema mke hadi wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere anakwenda ukweni kumwomba. Wakwe wanamtoza pombe ya ndizi. Na hapo Kitereza anakaa chini kabisa, anatuonyesha hatua kwa hatua jinsi pombe hiyo inavyotengenezwa, nani anasaidia na nani anaonja. Mke anarudi. Anatafutwa mganga. Dawa zinasimuliwa, masharti yanasimuliwa, na baadaye anazaliwa Ntulanalwo, kisha dada yake Bulihwali. Njiani tunajifunza kulima, kuvua, kutahiniana kwa mafumbo, kumpokea mgeni, kumzika mtu. Mwandishi hakuficha nia yake: alitaka vijana wa Ukerewe wajue wazee wao waliishije.

Jambo moja huwa linanigusa ninapokisoma. Kitereza na mkewe Anna walizeeka bila mtoto aliye hai. Aliyeandika juu ya nyumba inayosubiri kilio cha mtoto alikuwa anaijua nyumba hiyo kwa ndani.

Sasa tazameni kilichoukuta muswada. Padri Mkanada, Almas Simard, aliyemtia moyo mwandishi, alijaribu kuutafutia njia. Akafariki 1954, kitabu hakijatoka. Miaka ikapita. Uhuru ukaja 1961. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakafika kisiwani Wamarekani wawili, Gerald Hartwig, mwanahistoria, na mkewe Charlotte. Waliona thamani ya kazi ile wakaanza kuihangaikia. Jibu likawa lilelile: Kikerewe kina wasomaji wachache mno, nani atachapa? Kama kingekuwa Kiswahili, sawa. Basi Kitereza, mtu aliyekwisha pita miaka sabini, akakaa tena mezani akakitafsiri kitabu chake mwenyewe kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Tanzania Publishing House ikakitoa 1980, kikachapwa China. Nakala zilipokuwa njiani, mwandishi akafariki, 1981. Kitabu hakikumfikia mkononi.

Nilipomaliza kupanga tarehe hizo kwenye daftari nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimempata mtu wangu. Nani? Kitereza. Lini? 1945 hadi 1981. Kilichobaki ni swali la tatu: alipoteza nini? Na hapo ndipo andiko langu lilipovunjika mikononi.

Kwa sababu, ndugu msomaji, Kitereza hakuporwa. Nimelitazama jambo hili kila upande. Hakuna aliyelichomoa jina lake akaweka lake. Wageni walioushika muswada walihangaika utoke kwa jina la mwenyewe. Na kuhusu sheria, ilikuwa upande wake tangu siku ya kwanza. Sheria ya Uingereza ya 1911, iliyotumika Tanganyika wakati wa Waingereza, ilimpa mwandishi haki bila kumtaka aandikishe popote. Sheria yetu ya 1966 ilipokuja, naye bado alikuwa hai na haki yake ilikuwa hai. Na hii ya 1999 inasema waziwazi kwamba haki huzaliwa kwa tendo lenyewe la kuitunga kazi. Hakuna ada, hakuna muhuri. Mzee yule wa Kagunguli alipoweka nukta ya mwisho mwaka 1945, alikuwa na hakimiliki kamili, sawa na mwandishi yeyote wa London.

Alikuwa nayo kwa miaka 35, kitabu kikiwa hakisomwi.

Nilikaa na sentensi hiyo siku kadhaa. Hakimiliki ni haki ya kumzuia mtu mwingine asinakili. Lakini shida ya Kitereza ilikuwa kwamba hakuna aliyetaka kunakili. Kazi yake ililindwa dhidi ya wezi ambao hawakuja, na haikulindwa dhidi ya kilichokuja kweli: kungojea, uzee, mchwa, na hesabu za soko zilizosema lugha yake ni ndogo. Kurasa zangu kumi na nane hazikuwa na mahali pa kumweka mtu kama huyo. Nilikuwa nimejenga ghala la kuzuia wezi, kumbe mazao yalikuwa yakiozea shambani kwa kukosa barabara.

Jumamosi moja nikapanda meli kwenda Nansio. Ni mwendo wa saa kadhaa kutoka Mwanza, mwanzo unaona mawe ya mji yakipungua nyuma yako, halafu maji matupu, halafu mstari wa kijani. Sikwenda kutafuta ushahidi. Nilikwenda kwa sababu niliona aibu kuandika kuhusu kisiwa ninachokiona kwenye ramani tu. Kwenye mkoba nilikuwa na nakala yangu ya kitabu, ile ya Kiswahili, jalada limeshikiliwa na gundi.

Mwenyeji wangu alinipeleka kwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, tukamkuta barazani na wajukuu zake wakimenya muhogo. Nilimsalimia, nikamkabidhi kitabu. Alivaa miwani akafungua katikati, ikawa ni pale penye pombe ya ndizi, akaanza kusoma kwa sauti. Kila baada ya mistari miwili mitatu alisimama, akasema neno la Kikerewe la chombo kile au la hatua ile ya kazi, akatikisa kichwa, akaendelea. Wajukuu walicheka. Niliwauliza wanacheka nini. Mmoja akasema, "Babu anasema maneno ambayo hatuyajui."

Mzee akafunga kitabu.

"Hiki cha Kiswahili nakifahamu," akasema. "Hicho alichokiandika mwanzo, cha Kikerewe, kiko wapi?"

"Mzee, hicho sijakiona kimechapwa. Nimekitafuta maduka yote ya vitabu ya Mwanza."

"Haya. Basi hata hiki kimoja. Wewe si mwanasheria? Nikitaka kinakiliwe pale mjini, nakala ishirini za shule, ni kosa?"

"Inatakiwa ruhusa, mzee."

"Ya nani?"

"Ya warithi wa mwandishi, au mchapishaji aliyepewa haki."

"Wako wapi?"

Nilianza kueleza kwamba hakimiliki hurithiwa kama mali nyingine inayohamishika, kwa wosia au kwa taratibu za mirathi, na kwamba mtu asipoacha mtoto basi... Alinisikiliza kwa adabu hadi nikaishiwa maneno. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Kwa hiyo aliandika ili tusome, na sheria inatuambia tusubiri mtu atakayetuambia tusome."

Sikuwa na jibu barazani pale. Nilikuwa nalo kidogo kwenye meli ya kurudi, na nitalisema kwa sababu haki ni lazima itendewe haki.

Hakimiliki si adui wa Kitereza. Tufikirie njia nyingine: tuseme asingeandika, angekaa tu na kumsimulia mtafiti aliyekuja na kinasa sauti. Yale yote, wakwe na pombe, mganga na dawa, yangetoka kama mila za Wakerewe zilizokusanywa na fulani, na jina juu ya jalada lingekuwa la huyo fulani. Ndivyo vilivyotoka vitabu vingi vya enzi ile, wasimulizi wakiitwa "wazee" tu. Kitereza alikataa kuwa "wazee". Alichukua maarifa yaleyale ambayo sheria ingeyaita ya jamii, akayapitisha kwenye kichwa na kalamu yake, akaweka watu wenye majina na machozi yao, akawa mwandishi. Jina lake limesimama kwenye jalada kwa sababu dunia inakubali kwamba anayeandika ana haki na alichoandika. Hilo si dogo.

Na namna ya kutengeneza pombe haikuwa yake wala hakudai iwe yake. Sheria yenyewe inasema hivyo: njia ya kufanya jambo haina hakimiliki, maelezo ndiyo yenye hakimiliki. Yeyote anaweza kukisoma kitabu, akaenda akasindika ndizi zake. Kwa hapo sheria na mila zinaelewana vizuri kuliko nilivyodhani nilipokuwa naandika kurasa zile kumi na nane.

Tatizo liko baada ya hapo, na ni tatizo la hesabu. Tuifanye pamoja.

Kwa sheria ya 1999, hakimiliki ya kazi ya uandishi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kitereza alifariki 1981. Kwa hesabu hiyo, haki yake inakoma 2031. Tangu hapo kazi ni ya umma: ruhusa haitakiwi, mzee wa Nansio anakili nakala mia.

Lakini kitabu hakikubaki kimoja. Wilhelm Möhlig alikitafsiri kwa Kijerumani, kikatoka kwa sehemu mbili, 1991 na 1993. Sehemu ya kwanza ikaitwa *Die Kinder der Regenmacher*, yaani watoto wa waleta mvua. Mume na mke ambao mwandishi aliwaweka mlangoni kwa majina yao, pamoja na watoto wao, wakaondolewa kwenye jalada. Kifaransa kikafuata, nacho kikachukua jina la mvua. Sisemi hila. Wachapishaji wa Ulaya walijua wateja wao. Lakini wanasheria tuna kitu tunachokiita haki ya kimaadili ya mwandishi, haki ya kazi yake kutopotoshwa, na mtu akiniuliza leo mfano wa mahali ambapo haki hiyo ilipaswa angalau kujadiliwa mezani, nitamtajia jalada lile. Mwaka 2002 kikaja Kiingereza, kazi ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa riwaya na yeye mwenyewe mtoto wa Ukerewe. Hicho kilirudisha majina yote manne, kikatafsiriwa kutoka Kikerewe chenyewe, na kikatolewa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota, nyumba ya Walter Bgoya, yuleyule aliyekuwa akiiongoza Tanzania Publishing House kitabu kilipotoka mara ya kwanza. Kuna uaminifu hapo ambao haukuandikwa kwenye mkataba wowote.

Sasa, kila tafsiri ina hakimiliki yake, ya aliyetafsiri, na inahesabiwa kwa maisha yake. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mtafsiri akiwa hai mwaka 2002, kwa hiyo kwa sheria yetu haiwezi kuwa huru kabla ya 2052. Na ni haki yake kabisa, ameitolea jasho. Ila tazama picha inayotokea. Mwaka 2032 neno la Kikerewe alilolitunga Kitereza litakuwa huru kwa watu wote, na neno la Kiingereza lililotokana nalo litakuwa bado limefungwa. Asili itakuwa huru kabla ya tafsiri.

Ungesema hiyo ni neema kwa Wakerewe. Ingekuwa neema kama Kikerewe hicho kingekuwa kitabu. Neno lililo huru kisheria lakini limo kwenye muswada, halina chapa, halina rafu, huru hiyo inamfaa nani? Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya 1975 inamtaka mchapishaji apeleke nakala za kitabu chake maktaba ya taifa zitunzwe. Kitabu kilichochapwa kina hifadhi. Muswada hauna wa kumlazimisha mtu. Kwa hiyo kazi iliyokosa mchapishaji inaadhibiwa mara mbili: haisomwi sasa, na haitunzwi kwa ajili ya baadaye.

Hapo nikaelewa Mwalimu alitaka nini aliponiuliza "alipoteza nini". Kitereza alipoteza wasomaji wake wa kwanza. Kijana wa Ukerewe aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1945, ambaye kitabu kiliandikwa kwa ajili yake, alikuwa na miaka 45 kilipotoka, na kikamjia kwa lugha nyingine. Wajukuu wa kijana huyo ndio waliocheka barazani. Hakuna mahakama itakayowarudishia kitu, na hakuna wa kumshtaki. Hasara ipo, mwizi hayupo, na elimu yangu yote ya sheria ilikuwa imenifundisha kumtafuta mwizi.

Nimeandika upya. Andiko la sasa lina kurasa kumi na mbili, na linaanza na jina la mtu. Linauliza mambo matatu tu. La kwanza: mwandishi akifariki bila mtoto, na mikataba ya uchapishaji ikawa imehamahama, ni nani kwa sheria ya Tanzania mwenye mamlaka ya kusema "nakilini", na shule ya kijijini imfikieje? La pili: sheria inayotoa haki kwa miaka 50 baada ya kifo inaweza kumtaka mwenye haki afanye nini ili kazi isifie mikononi mwake? La tatu: lugha yenye wasomaji wachache ihesabiwe vipi, wakati hakimiliki imejengwa kwa kudhani kwamba kila kazi nzuri itapata soko?

Sheria za sanaa za jadi bado zimo, lakini zimeshuka hadi sura ya nne. Bujora imo pia, kwa sababu ya wale watunzi wanaotajwa kwa majina. Na nimefuta neno "zinaporwa" kila lilipokuwa. Uporaji upo duniani, na kuna watakaouandikia. Mimi nimeona kwamba huku kwetu kazi nyingi hazikuibiwa. Ziliachwa.

Mwalimu amelirudisha tena wiki iliyopita. Alama zilikuwa nyingi safari hii, karibu kila ukurasa, jambo ambalo wenzangu wananiambia ni dalili njema. Mwishoni ameandika: "Umempata mtu. Sasa mtafute mrithi, na muswada. Usianze sura ya kwanza kabla hujaujua ulipo."

Kwa hiyo mwezi ujao narudi Ukerewe, safari hii Kagunguli kwenyewe. Nitapita kwa mzee wa Nansio na daftari. Nimemwomba, na amekubali, anisomee kitabu cha Kiswahili mwanzo hadi mwisho na kunitajia kila neno la Kikerewe linalomjia njiani. Haitakuwa riwaya ya Kitereza, hilo najua. Wajukuu nao ameshawaambia wakae karibu.